Ukuu wa bondia wa uzito wa juu: Upimwe kwa ufundi au kwa msisimko?

USIKU wa Februari 23, 2008, mashabiki waliofika katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York walikuwa wamelipa fedha zao ili washuhudie jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa zaidi ya miaka minane: mabingwa wawili wa dunia wa uzito wa juu wakipanda ulingoni kuunganisha mikanda yao.

Upande mmoja alikuwapo Wladimir Klitschko wa Ukraine, bingwa wa IBF, na upande wa pili Sultan Ibragimov wa Urusi, bingwa wa WBO. Kwa raundi 12 Klitschko alinyoosha mkono wake wa kushoto, akautumia kuubonyeza chini mkono wa mbele wa mpinzani wake, akarudi nyuma hatua moja, kisha akarudia tena. Majaji wote watatu walimpa ushindi, kwa pointi 119-110, 118-110 na 117-111. Ukumbi ukamzomea.

Hakuna aliyezomea kwa kudhani kwamba Ibragimov ameonewa. Watu walizomea kwa sababu bingwa alishinda kwa namna isiyowapandisha damu, na hadi leo jina la Klitschko halikosi kutajwa pale wapenzi wa masumbwi wanapobishana juu ya swali la zamani: bondia mkuu ni yule mwenye ufundi wa kupiga bila kupigwa, au ni yule anayewainua watazamaji vitini?

Kwa upande wa kanuni, jibu ni jepesi kiasi. Majaji wanaoketi kando ya ulingo humpa mshindi wa kila raundi pointi 10, na mwenzake tisa au pungufu. Hutazama ngumi safi zilizofika, mashambulizi yenye tija, uwezo wa kuutawala ulingo, na ulinzi. Neno lenye uzito hapo ni "tija". Anayesonga mbele huku akidundwa usoni hapati sifa ya ushambuliaji, hata kama ukumbi mzima unaimba jina lake. Msisimko haumo kabisa katika vigezo hivyo.

Lakini majaji hupima pambano moja tu. Ukuu wa bondia hupimwa na watu wengi, tena baada ya miaka mingi, na kumbukumbu za watu hazina kadi ya pointi.

Kinachosahauliwa mara nyingi kuhusu Klitschko ni kwamba tahadhari haikuwa tabia yake ya mwanzo. Baada ya kutwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, aliingia katika ngumi za kulipwa akiwa na mkono wa kulia wenye kishindo, na alikuwa akiwamaliza wapinzani wake mapema. Mtindo huo ndio uliomponza. Desemba 1998, mjini Kyiv, aliishiwa pumzi mbele ya Mmarekani Ross Puritty na pambano likasimamishwa katika raundi ya 11. Machi 2003, mjini Hannover, Corrie Sanders wa Afrika Kusini alimwangusha mara nne katika raundi mbili na kumpokonya mkanda wa WBO. Aprili 2004, mjini Las Vegas, alimwangusha Lamon Brewster katika raundi ya nne, kisha akaishiwa nguvu na kupigwa yeye katika raundi ya tano.

Wengi walimwandika kuwa amekwisha. Aliyembadilisha ni kocha Emanuel Steward wa Detroit, aliyekuwa pia katika kona ya Lennox Lewis, na ambaye alianza kazi na Klitschko katika pambano lile lile la Brewster. Steward, aliyefariki dunia Oktoba 2012, alikuwa na mwanafunzi mwenye urefu wa mita 1.98, mwenye mikono mirefu na ambaye kidevu chake kilikwishadhihirika kuwa hakihimili kila konde. Dawa ilikuwa umbali.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, na hapa ndipo watazamaji wengi husinzia. Ngumi ya kudokoa, yaani ile inayonyooka kutoka mkono wa mbele, haionekani kuwa na madhara. Hata hivyo, humpimia bondia hatua zilizopo kati yake na adui, humziba adui macho kwa nukta moja, humvurugia mizani ya miguu kila anapotaka kuanzisha shambulizi, na hufungua njia ya mkono wa kulia unaofuata. Klitschko aliirusha kama mtu anayepiga nyundo. Mpinzani aliyeivumilia kwa raundi sita alijikuta katika raundi ya saba hana tena miguu ya kumsogelea.

Kwa silaha hiyo alimpiga Chris Byrd mjini Mannheim Aprili 2006 na kutwaa mkanda wa IBF, kisha akautetea mara 18 bila kushindwa, hadi Novemba 2015. Katika utetezi huo wa mara 18, mapambano 13 yaliishia njiani. Mmarekani Eddie Chambers, Machi 2010 mjini Düsseldorf, alilazwa zikiwa zimebaki sekunde tano tu raundi ya 12 imalizike. Bondia mwenye takwimu za namna hii, aliyestaafu akiwa na ushindi 64, kati yake 53 kwa kuwamaliza wapinzani kabla ya kengele ya mwisho, si rahisi kumwita mbabaishaji.

Tena lawama ya kuchosha haikuwa ya dunia nzima. Mcheza kwao hutunzwa, na Ujerumani, ambako Klitschko alikuwa kama mwenyeji, watu wapatao 61,000 walijaa katika uwanja wa soka wa Gelsenkirchen mwezi Juni 2009 kumtazama akimchosha Ruslan Chagaev. Wamarekani ndio waliomkataa, kwa kuwa walikuwa wakimpima kwa kipimo cha Mike Tyson.

Na kipimo hicho ni kigumu. Tyson alitwaa ubingwa Novemba 1986 akiwa na umri wa miaka 20, na Juni 1988 alimmaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, kwa sekunde 91. Anayetafuta msisimko hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini msomaji akiangalia tena picha za mapambano yale kwa utulivu, ataona kwamba kabla ya kila konde kuna kichwa kinachoyumba kulia na kushoto, miguu inayoingia kwa pembe, na ngumi za adui zinazopita hewani. Hayo yalikuwa mafunzo ya mzee Cus D'Amato, aliyefariki Novemba 1985 bila kuuona ubingwa wa kijana wake. Yalipopungua, kilichobaki ni vitisho tu. Februari 11, 1990, mjini Tokyo, Buster Douglas hakutishika. Alimdokoa kwa mkono wa kushoto usiku kucha na kumlaza katika raundi ya 10.

Tunaosimulia sekunde 91 za Spinks mara nyingi tunasahau kwamba huyo huyo Tyson, Machi 1987, alicheza raundi 12 nzito na James Smith, aliyeamua kumkumbatia tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Pambano likichosha, lawama haimstahili bingwa peke yake.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko Klitschko na Tyson. Katika miaka ya 1920, Jack Dempsey alikuwa kipenzi cha Marekani. Septemba 1923 alimwangusha Luis Firpo wa Argentina mara saba katika raundi ya kwanza, naye akatupwa nje ya kamba katika raundi hiyo hiyo, kisha akalimaliza pambano katika raundi ya pili. Baada ya hapo alikaa miaka mitatu bila kuutetea mkanda wake. Alipourudia ulingo mwaka 1926 mjini Philadelphia, Gene Tunney, mtu mtulivu mwenye miguu myepesi, alimshinda kwa pointi. Mwaka uliofuata, mjini Chicago, alimshinda tena, ingawa Dempsey alimwangusha katika raundi ya saba na Tunney akapata sekunde takriban 14 za kupumua, kwa sababu Dempsey alichelewa kwenda kona aliyoelekezwa. Tunney alishinda mara mbili, lakini jina linalokumbukwa zaidi ni la Dempsey.

Larry Holmes naye yalimkuta. Alitetea ubingwa mara 20 kati ya mwaka 1978 na 1985, akiwa na mkono wa kushoto ambao wataalamu wengi huuhesabu miongoni mwa ile bora kabisa katika uzito huo. Kosa lake lilikuwa kuja baada ya Muhammad Ali.

Ali mwenyewe ndiye anayeuvuruga mjadala. Kila mmoja humtaja kama kielelezo cha msisimko, na pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974, bado husimuliwa Afrika nzima kama hadithi ya ushujaa. Foreman alikuwa ameshinda mapambano yote 40, akiwa amewaponda Joe Frazier na Ken Norton kwa raundi mbili kila mmoja. Tukiondoa ngoma na kelele za uwanjani, kilichobaki ni hesabu. Katika raundi ya kwanza Ali alianza na mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia mzoefu halitarajii kwa sababu ni la hatari. Alipoona hilo halitoshi, aliegemea kamba, akaziacha zibebe sehemu ya uzito wa makonde, akamshika Foreman shingo kila aliposogea, na kusubiri mikono ya kijana yule iwe mizito. Katika raundi ya nane ilikuwa mizito. Kwa macho ya aliyetaka marushiano ya ana kwa ana, mtu anayeegemea kamba kwa raundi kadhaa angestahili kuzomewa.

Kwa hiyo mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kumnyima Klitschko ukuu eti kwa kuwa alichosha. Zipo hoja nzito zaidi za kumkosoa, nazo zinahusu ufundi wenyewe. Oktoba 2013, mjini Moscow, alimshinda Alexander Povetkin kwa pointi 119-104 katika kadi zote tatu na kumwangusha mara nne. Namba hizo zinapendeza hadi mtu alitazame pambano. Klitschko alimlalia Povetkin mgongoni kila alipokaribia, akamkumbatia na kumsukuma kwa muda mrefu wa usiku ule, na mwamuzi alimkata pointi moja tu. Kukumbatia ili kupumua ni ujanja wa ulingoni unaokubalika; kuufanya kuwa ndiyo mbinu kuu ni kuvunja kanuni, na ushindi wa namna hiyo hauwezi kuhesabiwa sawa na ule wa mkono wa kushoto.

Hoja ya pili ni ya wapinzani. Kwa sehemu kubwa ya utawala wake, bondia pekee aliyeaminika kumtosha alikuwa kaka yake, Vitali, aliyeshika mkanda wa WBC kuanzia mwaka 2008 hadi 2013. Ndugu hao walikuwa wamemwahidi mama yao kwamba hawatapigana. Ahadi hiyo ni ya heshima, lakini imeacha pengo katika rekodi za wote wawili ambalo halizibiki.

Utawala ulipofikia mwisho, ulikwisha kwa namna ambayo bingwa huyo angepaswa kuitambua. Novemba 28, 2015, mjini Düsseldorf, Tyson Fury wa Uingereza, mrefu kuliko yeye, alimweka mbali, akabadili mikono, akayumbisha mabega na kumshinda kwa pointi katika pambano lililokuwa na ngumi chache sana. Klitschko alishindwa kwa dawa yake mwenyewe.

Kisha ikaja Aprili 29, 2017. Akiwa na umri wa miaka 41, mbele ya watu wapatao 90,000 katika uwanja wa Wembley jijini London, alikutana na Anthony Joshua, kijana wa miaka 27 ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Klitschko aliangushwa katika raundi ya tano. Katika raundi ya sita alimwangusha Joshua kwa mkono wa kulia, na kwa dakika kadhaa ushindi ulikuwa mbele yake. Hakuukimbilia. Alirudi katika kupima umbali na kudokoa, kwa tahadhari ile ile ya miaka 13, akimpa kijana nafasi ya kupata pumzi. Raundi 10 zilipomalizika, jaji mmoja alikuwa na Klitschko mbele na wawili walikuwa na Joshua. Katika raundi ya 11 Joshua alimpata kwa ngumi ya kidevuni iliyotoka chini, akamwangusha mara mbili na mwamuzi akasimamisha pambano.

Lilikuwa pambano lake la mwisho, na kushindwa kwake kwa tano. Alipokuwa akiondoka ulingoni, uwanja wa Wembley ulimshangilia kuliko alivyopata kushangiliwa New York usiku ule alipounganisha mikanda.