Nani Alimlipa Mpiga Tarumbeta? Muziki wa Hadhara Lubumbashi

Novemba 1960 Louis Armstrong alitua Elisabethville, jiji ambalo tangu 1966 linaitwa Lubumbashi. Jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga na Kongo tangu Julai 11, na Moïse Tshombe alikuwa akijiita rais. Wiki chache kabla, Léopoldville (Kinshasa ya leo) walimbeba Armstrong kwenye kiti kama chifu na maelfu wakafurika uwanjani kumsikiliza. Nyuma yake walipiga Trummy Young tromboni, Barney Bigard klarineti na Billy Kyle piano. Velma Middleton aliimba. Huyo hakurudi kwao akiwa hai: alifariki Freetown Februari 1961, baada ya kuugua katika msafara huo wa Afrika.

Fedha za msafara zilitoka Pepsi-Cola na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Washington haikuitambua Katanga, kwa hiyo balozi wake hakuweza kwenda kwa Tshombe waziwazi. Kwenda kumsikiliza Armstrong, hata hivyo, nani angemkataza? Mwanahistoria Susan Williams, katika kitabu chake White Malice cha 2021, anaeleza jinsi onyesho hilo lilivyowapa maofisa wa Marekani njia ya kufika Elisabethville, akiwemo Larry Devlin, mkuu wa CIA nchini Kongo. Siku hizo Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, alikuwa amezingirwa na askari nyumbani kwake Léopoldville. Januari 17, 1961 aliuawa nje kidogo ya Elisabethville. Simlaumu Armstrong. Ni yeye huyo aliyegoma mwaka 1957 kuiwakilisha serikali yake Urusi, kwa hasira ya watoto weusi kuzuiwa shuleni huko Little Rock. Ila tarumbeta yake Katanga ilikuwa na mlipaji, na mlipaji alikuwa na shughuli zake.

Muziki wenye mlipaji haukuwa jambo geni katika jiji la shaba. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikaleta wafanyakazi wa kila upande. Migodini na kambini Kiswahili kikawa lugha yao. Wazungu walikaa mjini. Waafrika walitengewa mitaa yao, kwanza Kamalondo, baadaye Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya pande mbili hizo watawala wa Kibelgiji waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita, wakidai ni kwa ajili ya afya. Ukitaka kujua kwa nini muziki wa bure katikati ya jiji hili si jambo dogo, anzia kwenye ukanda huo.

Muziki uliopewa nafasi ulikuwa na mlezi. Padri Anschaire Lamoral, Mbenediktini, alianzisha mwaka 1937 kwaya ya wavulana iliyojulikana kwa jina la Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani waimbaji wa msalaba wa shaba. Mwanamuziki mkubwa aliyelelewa na misheni, Joseph Kiwele, alitunga wimbo wa taifa wa Katanga ya Tshombe na akawa waziri wake wa elimu.

Mtaani mambo yalikwenda kivingine. Miaka ya 1940 vijana wa mtaa wa Kenya (wa Lubumbashi, msomaji wa Nairobi asichanganyikiwe) waliunda Jecoke, kifupi cha Jeunes Comiques de la Kenya. Waliimba, walicheza na kuchekesha watu kwa pamoja. Humo alipita Edouard Masengo, aliyekuja kuvuma Nairobi kwa gitaa na matangazo ya Coca-Cola. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, alikutwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 barabarani mjini Jadotville, Likasi ya leo, akarekodiwa wimbo wa Masanga. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza utaapa kuna magitaa mawili. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Kwa maoni yangu Lubumbashi haijatoa mpiga gitaa aliyemfikia.

Halafu kuna karindula, na hapa ndipo ninaposimama. Chukua pipa la mafuta, liwambe ngozi ya mbuzi, chomeka ubao mrefu uwe shingo, kaza nyuzi nne: umepata banjo lenye kimo cha kumfikia mtu mzima, na sauti ya besi inayotikisa kifua. Jirani zetu wa Zambia wanaita kalindula. Vikundi kama BBK, Bena Ngoma, Bena Simba na Bana Lupemba vilirekodiwa Lubumbashi katika tamasha la wazi, na rekodi zikatolewa Brussels mwaka 2011 na kampuni ya Crammed Discs kwa jina The Karindula Sessions. Kipande kimoja hakina haraka: wimbo, mzaha na sarakasi hufuatana mpaka wapigaji wenyewe waamue kushusha. Hakuna tiketi wala geti. Anayependezwa anaingia katikati na kutuza.

Jiji limekuwa na majukwaa ya heshima. Theatre kubwa iliyobuniwa na Claude Strebelle ilikamilika mwaka 1956, na Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, imepokea wanamuziki wengi. Muziki wa jazz una wapenzi wake huko, nami sina ugomvi nao. Lakini pipa na ngozi ya mbuzi bado vinahesabiwa kuwa vya uswahilini, kana kwamba ule ukanda mtupu haujajengwa nyumba tangu zamani.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote atakayeandaa tamasha la bure katikati ya Lubumbashi: asiwaite watu wa karindula kuchangamsha umati wakati wageni wanafunga vyombo vyao. Awape saa ya jioni, jukwaa lilelile, na malipo sawa na ya mpiga saksafoni atakayekuja kwa ndege.