Zinia na macho ya wachagua mbegu

Mtu aliyeziona zinia Ulaya katika karne ya 18 asingezitambua za leo. Mimea iliyoletwa kutoka Meksiko ilikuwa na vichwa vidogo na safu moja tu ya petali. Waliozifurahia zaidi walikuwa wataalamu wa mimea. Mwaka 1759 Linnaeus, msomi wa Uswidi, aliupa ukoo huo jina la Johann Gottfried Zinn, profesa wa Göttingen aliyesimamia bustani ya mimea ya chuo kikuu. Zinn alifariki mwaka huohuo, akiwa na miaka 31 tu. Madaktari wa macho wanamkumbuka kwa jambo jingine: nyuzi nyembamba zinazoishikilia lenzi ndani ya jicho bado zinaitwa kwa jina lake.

Kwa karibu miaka mia moja ua hilo halikupewa uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1850, Ufaransa, zikaonekana zinia zenye petali zilizopangana tabaka juu ya tabaka, na kampuni ya Vilmorin ikazipeleka sokoni. Hapo ndipo bustani za Ulaya zilipoanza kuzitaka.

Mageuzi makubwa zaidi yalifanyika Marekani, na kila nikiyafuatilia nakutana na kisa kilekile: mtu anapita shambani, anasimama mbele ya mche mmoja usiofanana na wenzake, anauwekea alama. John Bodger wa California aliona mche wa namna hiyo katikati ya zinia za aina ya Mammoth. Alitunza mbegu zake, akapanda, akachagua, akapanda tena kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1920 kampuni ya familia yake ilipotoa zinia kubwa zenye umbo la dalia. Katika uzao wa hizo ikachaguliwa nyingine, California Giant, yenye petali bapa, na mwaka 1926 ikapewa medali ya dhahabu na Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza.

Kisa cha John Mondry, mzalishaji wa mbegu wa kampuni ya Burpee katikati ya karne ya 20, ndicho kinachonigusa zaidi. Aliona ua lisilo na petali hata moja, ua baya ambalo wengi wangeling'oa lisichafue shamba. Yeye akatambua kwamba lilikuwa jike tupu, halina chavua. Kwa kulitumia kama mama, mbegu za chotara zingeweza kuzalishwa bila kazi ya kuondoa chavua ua kwa ua.

Anayetaka kuona ugumu wa kazi hiyo alikaribie ua la kawaida. Kile tunachokiita ua moja ni kusanyiko la maua madogo mengi. Kila petali ya pembeni ni ua jike, na kwenye shina lake kuna kinyuzi kilichogawanyika ncha mbili kikisubiri chavua. Zile nyota ndogo za njano katikati zina chavua pamoja na sehemu ya kike. Anayechanganya aina mbili huzing'oa nyota hizo kwa kibano kabla hazijafunguka, huchukua nyota iliyofunguka ya mmea mwingine na kuipaka kwenye vinyuzi, kisha hulifunika ua kwa mfuko wa wavu. Asipofunika, nyuki na vipepeo watamchagulia baba.

Uchaguzi pekee haukuimaliza kero ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaopaka majani ya zinia weupe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland waliichanganya zinia ya bustani na jamaa yake wa mwituni mwenye majani membamba na anayestahimili ugonjwa huo. Kampuni ya Sakata ya Japani nayo, kwa mchanganyiko kama huo, ilitoa zinia zake za Profusion, zilizoshinda tuzo Marekani mwaka 1999.

Sasa kazi hii ya kuchagua mbegu inarudi kwenye mashamba madogo, na kwa maoni yangu ndiko inakostahili. Katika Bonde la Skagit, jimbo la Washington, Erin Benzakein na wenzake wa shamba la Floret walitumia miaka wakichagua rangi ambazo kampuni kubwa zilizipuuza, za pichi na waridi iliyofifia, na mwaka 2024 wakaanza kuziuza mbegu zake. Zinia huchanua takribani miezi miwili tangu kupandwa, kwa hiyo penye joto na maji mkulima anaweza kupata zaidi ya kizazi kimoja kwa mwaka.

Kwa hiyo, wewe mwenye tuta la zinia, usikate maua yote ukauze. Chagua mche wenye afya na rangi unayoipenda, ufunge uzi, uache vichwa vikauke kwenye shina mpaka viwe vya kahawia. Vuna siku isiyo na mvua, tia mbegu kwenye bahasha ya karatasi, andika rangi na tarehe. Kama mbegu za mwanzo zilikuwa chotara za dukani, watoto hawatafanana na mama yao. Usiwang'oe kabla hujawatazama mmoja mmoja.