Chama, Basi na Ruhusa ya Mwaka 1983: Chimbuko la Daladala Jijini Dar es Salaam

Imezoeleka kudaiwa kwamba daladala ni zao la soko huria, na kwamba soko huria lililetwa nchini na masharti ya wakopeshaji wa nje. Mfuatano wa tarehe haukubaliani na dai hilo. Makubaliano ya Tanzania na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifikiwa mwaka 1986, ilhali watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria jijini mwaka 1983, Nyerere akiwa bado Rais na Mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi. Chanzo cha mabadiliko hayo hakina budi kutafutwa kwanza ndani ya siasa ya Chama chenyewe.

Mabasi ya jiji yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi ya DMT hadi ilipotaifishwa mwaka 1970, katika kutekeleza Azimio la Arusha. Mwaka 1974 shughuli zake ziligawanywa: KAMATA ikapewa njia za mikoani, na UDA ikapewa jiji. Nauli ilipangwa na serikali, nayo ikapangwa chini, kwa kuwa basi la umma lilihesabiwa kuwa sehemu ya stahili za mfanyakazi. Nia hiyo haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika hesabu. Vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilizidi kuadimika baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Zaidi ya hayo, Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulikuwa umefungua njia ya kuvunjwa kwa serikali za mitaa, na mabaraza ya miji hayakurejeshwa hadi mwaka 1978. Katika miaka ambayo jiji lilikuwa likipanuka kwa kasi, abiria aliyekosa basi alibaki na tawi la Chama kama mahali pa kupeleka malalamiko, yaani chombo kile kile kilichoitetea sera iliyolalamikiwa.

Pengo lilizibwa na magari madogo yaliyoitwa "chai maharage", ambamo abiria waliketi wakitazamana kama wateja wa mgahawa. Yalikuwa haramu, na hayakukosa abiria.

Mwaka 1983 ndio pia mwaka wa msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Sokoine. Kwamba dola iliyokuwa ikiwakamata wafanyabiashara iliwaruhusu wakati huo huo kuendesha mabasi huonekana kama kujipinga. Muundo wa ruhusa yenyewe unaondoa sehemu ya utata huo. Mwenye gari hakupewa njia kwa haki yake mwenyewe. Alifanya kazi chini ya mwavuli wa UDA na kuilipa ada. Kwa maandishi, shirika la umma lilibaki kuwa mwenye usafiri. Chama kilisalimu amri barabarani bila kusalimu amri katika itikadi, na umma ukayapa magari hayo jina lililotokana na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala.

Ngome ya itikadi nayo ililegea baadaye. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yaliwazuia viongozi kujiingiza katika shughuli za kibepari. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likayalegeza. Tangu hapo mtunga sera aliweza kumiliki daladala bila kificho. Ni vigumu kuueleza udhaifu wa udhibiti wa sekta hii bila kulizingatia jambo hilo, ingawa tafiti nyingi hulitaja kwa kupita tu.

Aliyepoteza zaidi ni mfanyakazi, ambaye utaifishaji wa mwaka 1970 ulifanywa kwa jina lake. Dereva na kondakta wa UDA walikuwa waajiriwa wa shirika la umma. Dereva na konda wa daladala, kwa kawaida, hawakuwa na mkataba wala mshahara: walimpelekea tajiri hesabu yake kila jioni, wakanunua mafuta, na kugawana kilichobaki, kama kilibaki.