Aliyerudi Kusema Ukweli

Kipindi cha chemsha bongo kiitwacho Jeopardy! kina utaratibu wa kugeuza mambo. Mwendeshaji hasomi swali. Husoma jibu, na washiriki watatu waliosimama mbele yake hushindana kubonyeza kitufe ili mmoja wao atoe swali linalolingana nalo. Akisoma, "Ni mlima mrefu kuliko yote barani Afrika," mshiriki hujibu, "Kilimanjaro ni nini?" Nchini Marekani na Kanada mamilioni ya watu wameketi jioni kusikiliza mchezo huu, na kwa zaidi ya miaka 36, tangu Septemba 1984, sauti iliyosoma majibu hayo ilikuwa ya mtu mmoja, Alex Trebek.

Utaratibu huo wa kinyume ulitokana na uongo. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walivipenda mno vipindi vya maswali, na kimojawapo kiliitwa Twenty-One, kituo cha NBC. Mwaka 1956 mtu mmoja wa New York, Herbert Stempel, alishinda humo wiki baada ya wiki. Watazamaji hawakujua kwamba watayarishaji walikuwa wakimpa maswali na majibu mapema, na hata kumfundisha namna ya kujipangusa jasho ili aonekane anahangaika kufikiri. Kisha wakataka sura mpya. Wakamleta Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia na kijana wa familia ya wasomi, na Stempel akaagizwa ashindwe. Alitakiwa akosee kutaja filamu iliyotunukiwa Oscar kuwa filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda sana na kuiona zaidi ya mara moja. Akakosea kama alivyoagizwa.

Van Doren alipata dola 129,000 na picha yake ikatoka kwenye jalada la gazeti la Time. Tarehe 2 Novemba 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri kwamba yote yalikuwa yamepangwa. Mwaka uliofuata sheria ikaufanya upangaji wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Baada ya hapo nani angethubutu kuanzisha kipindi kingine cha maswali? Merv Griffin, mtangazaji na mtayarishaji, alikuwa safarini kwa ndege na mkewe Julann akimweleza shida hiyo: watu hawaviamini tena, wanadhani washiriki wamepewa majibu. Mke akasema, basi wapeni majibu waziwazi, wao watafute maswali. Akamjaribu palepale kwa kumtajia 5,280, naye Griffin akatoa swali lake: maili moja ina futi ngapi? Kipindi kilianza kurushwa tarehe 30 Machi 1964, mwendeshaji akiwa Art Fleming. Kilisimama mwaka 1975, kikarudi kwa muda mfupi, na mwaka 1984 kikaanzishwa upya, safari hii kikiwa mikononi mwa Trebek.

Alex Trebek alizaliwa tarehe 22 Julai 1940 huko Sudbury, mji wa migodi ya madini ya nikeli katika jimbo la Ontario, Kanada. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ukraine, mpishi kwa kazi. Mama yake Mkanada wa jamii ya Wafaransa. Alilelewa katika Kanisa Katoliki, akikua na Kiingereza na Kifaransa mdomoni. Aliwahi kujiunga na chuo cha jeshi, akaondoka baada ya siku chache tu kwa sababu hakutaka kunyolewa. Alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Ottawa, akaajiriwa na shirika la utangazaji la Kanada, CBC, mwaka 1961, na mwaka 1973 akahamia Marekani.

Huko California walirekodi vipindi vitano kwa siku moja. Asubuhi na mapema Trebek alipitia kila kidokezo, 61 kwa kipindi, akiweka alama kwenye majina magumu ili ayatamke sawasawa. Kwa kuwa tayari alikuwa ameona majibu, hakuruhusiwa kuchanganyika na washiriki kabla ya mchezo kuanza. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mara zaidi ya 8,200: kushika karatasi yenye majibu yote, na asimpendelee yeyote. Watu walimdhania kuwa anajua kila kitu. Yeye mwenyewe alikuwa mwepesi kukumbusha kwamba majibu yameandikwa mbele yake, na kwamba angeshindana na vijana wangemshinda.

Tarehe 6 Machi 2019 alitokea kwenye video fupi, amevaa suti kama kawaida, akasema ameambiwa ana saratani ya kongosho iliyofikia hatua ya nne. Alitania kwamba hana budi kupona, maana mkataba wake ulimtaka aendelee na kazi kwa miaka mitatu zaidi. Akaomba watu wamwombee, nao wakamwombea: Wakatoliki, Waprotestanti, Wayahudi, na wengi ambao hawakuwa wamepiga magoti kwa muda mrefu.

Mwezi Mei habari njema zikaja. Baadhi ya uvimbe ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu, na madaktari wakastaajabu. Trebek aliliambia gazeti la People kwamba anakaribia kuwa hana saratani, na kwamba aliamini maombi ya watu yalikuwa sehemu ya jambo hilo.

Msomaji wa usharika wowote kwetu anaijua siku ya namna hii. Mgonjwa anasimama mbele ya madhabahu, anashuhudia, tunapiga makofi na vigelegele, kwaya inaimba. Wala si vibaya. Shukrani ni haki ya Mungu. Lakini tunajua pia kinachofuata mara nyingine. Ugonjwa unarudi, na aliyeshuhudia anaona haya kurudi kanisani. Anaogopa kuulizwa imani yake imekwenda wapi. Anaogopa kwamba atakuwa amemfedhehesha Mungu na mchungaji. Basi anaugua kimya, na sisi tuliopiga makofi hatuulizi. Kuna ushuhuda ambao tumeufunga mlango wenyewe, nao ni ule wa mtu anayesema, "Mliniombea, nikapata nafuu, sasa hali imekuwa mbaya tena, endeleeni kuniombea."

Huo ndio Trebek alioutoa. Septemba mwaka huohuo alirudi kwenye televisheni ileile ya nchi nzima akaeleza kwamba vipimo vimepanda kupita vya mwanzo na kwamba anarudi kwenye tibakemikali. Hakujaribu kuyapatanisha maneno yake ya Mei na ya Septemba. Hakusema kwamba maombi yalikuwa bure, wala kwamba waombaji walipungukiwa imani. Alieleza pia huzuni nzito iliyokuwa ikimshukia bila sababu, na machozi, na wala hakuona aibu, ingawa wanaume wa umri wake hawakulelewa kuyasema hayo hadharani.

Machi 2020, mwaka mmoja ukiwa umetimia, alisema ni asilimia 18 tu ya wagonjwa wa hatua yake wanaofikisha mwaka. Alikiri kwamba zilikuwapo siku alizojiuliza kama inafaa kuendelea kupigana. Kukata tamaa, alisema, kungekuwa kumsaliti mkewe Jean, na wagonjwa wenzake waliomtazama, na kungekuwa kuisaliti imani yake kwa Mungu na yale maombi ya mamilioni. Trebek hakuwa mhubiri na dini hakuizungumza mara nyingi. Labda ndiyo sababu maneno hayo machache yana uzito.

Maandiko yetu yenyewe hayaogopi hadithi kama hii. Hezekia aliongezewa miaka 15, kisha akafa kama wafalme wote. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa. Naye akawaandikia Wakorintho habari hiyo badala ya kuificha. Ni ajabu kwamba sisi tunaosoma barua hiyo kila mwaka huona ni lazima tumlinde Mungu kwa kunyamaza, kana kwamba Mungu ni mtayarishaji wa kipindi anayehitaji washiriki wake wafundishwe la kusema na lini wapanguse jasho.

Aliendelea kufanya kazi, akiwa amevaa wigi kwa sababu ya dawa, wakati mwingine akiwa na maumivu makali ya tumbo kati ya kipindi kimoja na kingine. Mwaka huohuo alitoa dola 500,000 kwa shirika la Kikristo la Hope of the Valley linalohudumia wasio na makazi huko Los Angeles. Alirekodi mara ya mwisho tarehe 29 Oktoba 2020 na kufariki tarehe 8 Novemba, akiwa na miaka 80.

Vipindi vilivyobaki vilirushwa baada ya kifo chake. Katika kile cha tarehe 4 Januari 2021, yapata miezi miwili baada ya kufa kwake, alionekana akiwasihi watazamaji wafungue mikono na mioyo yao kwa wanaoteswa na korona pasipo kosa lao. Mwezi uliofuata familia yake ikafungua kabati la nguo alizovaa kazini. Suti 14, mashati 58 na tai 300 zilipelekwa kwa shirika la Doe Fund, New York, linalowasaidia watu waliotoka gerezani na waliokuwa wakilala barabarani, ili wapate cha kuvaa wanapokwenda kwenye usaili wa kazi.