Bima ya ndege ndogo: kwa nini bei inapanda, na kwa nini familia inaweza kukosa malipo

Siku ya Mungu tarehe 24 Novemba 2019, asubuhi, ndege aina ya Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliruka kutoka uwanja wa Goma kuelekea Beni. Haikufika mbali. Iliangukia nyumba za watu katika kartie Mapendo, karibu na Birere. Watu zaidi ya 25 walikufa: abiria, wafanyakazi wa ndege, na wengine waliokuwa kwao tu, chini. Wakaaji wa pale walikuwa wamekwisha kuona mambo kama hayo. Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka ikaingia katika soko ya Birere. Kati ya watu karibu 40 waliokufa, wengi hawakuwa ndani ya ndege.

Mtu anayeuza ndizi Birere hakununua tikiti. Nani anamlipa?

Jibu ni bima, ao asiransi kama wengi tunavyosema. Lakini neno hilo moja linabeba vitu vitatu. Kuna bima ya mwili wa ndege, inayomlipa mwenye ndege ikivunjika. Kuna ya abiria na mizigo. Na kuna ya watu wengine walio chini, wale wa Birere. Mwenye ndege anaweza kulipia moja vizuri na nyingine kidogo kidogo. Kwa hiyo, ukisikia kwamba ndege « iko na asiransi », bado hujajua kitu.

Sheria ya Kongo juu ya usafiri wa anga, namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, inaweka kazi ya kuchunga ndege mikononi mwa AAC, Mamlaka ya usafiri wa anga wa kiraia. Upande wa bima, kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, ikaleta ARCA kama msimamizi, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zilianza kupewa ruhusa. Mwenye ndege anapashwa kuchukua bima katika kampuni iliyopewa ruhusa hapa nchini. Lakini hakuna kampuni ya Kinshasa inayoweza kubeba ndege nzima peke yake. Inachukua kipande kidogo, kinachobaki inakipeleka kwa kampuni kubwa za nje, zaidi London. Na huko ndiko bei inakatwa.

Watu wa London hawaangalii tu yule rubani na ile ndege yake. Wanaangalia kikapu kizima. Boeing 737 MAX mbili zilipoanguka, moja Indonesia 2018 na nyingine Ethiopia 2019, soko lilikaza. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, ndege zaidi ya 400 za makampuni ya kukodisha zilibaki Urusi, na madai yalifika mabilioni ya dola. Mtu mwenye Cessna moja ya viti vichache hakuhusika na hayo yote, lakini anakula katika sahani ileile.

Kiisha wanaangalia nchi. Tangu 2006, kampuni zote za ndege zilizo chini ya usimamizi wa Kongo zimekatazwa kuruka ndani ya Umoja wa Ulaya. Hata kampuni isiyofikiria kamwe kwenda Brussels inabeba doa hilo wakati inaomba bei. Na wanaangalia mahali. Uwanja wa Goma ulifunikwa sehemu na lava ya Nyiragongo mwezi wa kwanza 2002, na kwa miaka mingi ndege zilitumia njia iliyofupishwa. Kavumu, karibu na Bukavu, iko kati ya milima na mawingu. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo ya Air Serv iliyobeba watu wa misaada iligonga mlima ikikaribia kutua huko, watu 17 wote wakafa. Februari 2012, ndege binafsi ya kifahari ilipita mwisho wa njia ya Kavumu na Augustin Katumba Mwanke alikufa ndani yake. Ilikuwa ndege ya bei kali, na hiyo haikuzuia kitu.

Ajali zinazopandisha bei si zile za habari za saa moja tu. Ndege inayotua katika kiwanja cha udongo baada ya mvua, mguu ukavunjika ao panga la mbele likagusa chini, haiui mtu na radio haitaisema. Lakini panga likigusa chini wakati injini inazunguka, injini inapashwa kufunguliwa na kupimwa yote, na mara nyingi fundi na vipande vinatoka mbali. Ndege ikiwa mzee, matengenezo yanaweza kupita bei yake. Kampuni ya bima inaandika hasara kamili, inalipa, kiisha inapandisha bei ya wote waliobaki.

Marubani wanaojirushia ndege zao wenyewe, wafanyabiashara, watu wa misheni ao wa mbuga za wanyama, ndio wanaobanwa zaidi. Wanaulizwa: saa ngapi angani? Saa ngapi katika aina hiyohiyo ya ndege? Mafunzo ya mwisho lini? Mwenye ndege moja tu hana wengine wa kugawana nao mzigo, na kijana mwenye saa chache analipa zaidi kuliko mzee wa kazi. Hata Marekani, marubani waliopita miaka 70 wanalalamika kwamba wanaongezwa bei ao wanakataliwa kabisa.

Hatari iliyojificha zaidi, hata hivyo, haiko katika bei. Iko katika karatasi zenyewe, pale ambapo bima inasema mambo isiyolipa. Kwa kawaida jina la rubani, ao saa anazopaswa kuwa nazo, limeandikwa. Uzito una mpaka. Viwanja vina masharti. Wakati wa moto wa kasiterite ya Bisie, katika Walikale, ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya gudroni kule Kilambo na kurudi Goma na magunia. Kila mtu aliona. Lakini swali la bima ni kama kiwanja hicho kiko katika karatasi, na kama kilo zilizopakiwa ni zile zilizoandikwa. Gunia tatu zilizoongezwa juu ya urafiki zinaweza kumpa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa.

Na vita? Bima ya kawaida ya ndege inatoa vita, uasi na utekaji nje. Mtu anayetaka kulindwa juu ya hayo analipa tena pembeni, na kampuni inaweza kuvunja ulinzi huo kwa kutoa taarifa ya siku chache tu. Tangu viwanja vya Goma na Kavumu vilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, hakuna haja ya kueleza sana kwa nini bei hiyo ni nzito upande huu.

Makuta hayo yanatoka kwa nani? Kwa Shabunda, Punia ao Kalima, ambako gari linaweza kukaa njiani majuma, kila dola ya bima inaingia katika bei ya kilo: sabuni, chumvi, dawa. Mwenye ndege akishindwa, anachukua bima nyepesi ya kuonyesha kwa wakaguzi, ao anasimamisha ndege.

Kwa abiria wa safari za nje, Mkataba wa Montreal wa 1999 unaweka kiwango: tangu tarehe 28 Desemba 2024, msafirishaji anawajibika bila kubishana juu ya kosa mpaka vipimo 151,880 vya fedha vya IMF, karibu dola 200,000 kwa mtu. Safari ya ndani, Goma–Beni ao Bukavu–Shabunda, iko chini ya sheria ya nchi na yale yaliyoandikwa katika bima.

Ndiyo maana karatasi ndogo zina uzito. Mtu aliyepanda ndege ya mizigo, amekaa juu ya magunia, jina lake haliko katika orodha ya abiria, familia yake itaanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa ndani. Tikiti, risiti ya malipo, ujumbe wa simu aliotuma kabla ya kupanda: vitu hivyo vinawekwa nyumbani, si katika mfuko wa anayesafiri. Kwa mwenye nyumba iliyoangukiwa, ni picha, hati ya parseli na pe-ve ya polisi, mapema, kabla mabomoko hayajaondolewa.