Mbwa wadogo wa kuwinda panya: namna ya kuwachagua na kuwatumia ghalani

WAHENGA walinena kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Kwa mkazi wa Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, msemo huo huonekana kwa macho kuanzia Juni hadi Agosti, mahindi yanapotoka shambani na kuingia ndani. Panya waliokuwa wakila shambani hukifuata chakula kilikohamia, na kabla ya Krismasi magunia ya chini hukutwa yametobolewa, punje zimemwagika na zilizosalia zinanuka mkojo.

Uyole ni mahali pa makutano. Hapa ndipo barabara ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpakani mwa Malawi inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam. Hapa kipo pia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambacho jina lake limebebwa na mbegu za maharage kama Uyole 96 na Uyole Njano. Wakazi wengi ni watu wa mjini na wakulima kwa wakati mmoja, na si ajabu ghala la familia likawa chumba kimojawapo cha nyumba wanayolala.

Wataalamu wa visumbufu vya mazao hukadiria kwamba panya hupunguza mavuno ya mahindi nchini kwa kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka, na zaidi ya hapo katika miaka ya mlipuko. Adui mkubwa ni panya shamba, ambaye kitaalamu huitwa Mastomys natalensis. Hubeba mimba kwa siku zipatazo 23 tu, na huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja.

Katika hali hiyo wengi hukimbilia sumu. Wapo pia wanaojiuliza iwapo mbwa mdogo wa kuwinda panya anaweza kuifanya kazi hiyo. Jibu ni kwamba anaweza, lakini kwa masharti matatu: asiachiwe kazi hiyo peke yake, asichanganywe na sumu, na asitolewe nje ya mipaka ya sheria.

Asili ya teria

Mbwa wa kazi hii huitwa teria. Jina hilo lina asili ya neno la Kilatini 'terra', yaani ardhi, nalo lilipitia Kifaransa kabla ya kuingia katika Kiingereza. Ni mbwa waliozalishwa, hasa Uingereza, ili waingie katika mashimo ya mbweha, panya na wanyama wengine wanaojificha chini ya ardhi.

Anayejulikana zaidi ni Jack Russell. Jina lake limetokana na kasisi John Russell wa Devon, ambaye mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alinunua jike mweupe aliyeitwa Trump kutoka kwa muuza maziwa. Katika zama hizo, jijini London, watu walikusanyika kushindanisha teria waliotiwa katika uwanja uliojaa panya. Mwaka 1823 mbwa aliyeitwa Billy aliripotiwa kuua panya 100 kwa muda wa dakika tano na nusu.

Mchezo huo wa kikatili umekwishatoweka, lakini unaeleza tabia ya mbwa huyu. Teria humkamata panya, humtikisa kwa nguvu mara moja au mbili, humwacha akiwa mfu na kumgeukia mwingine. Paka huvizia mmoja baada ya mwingine, na akishashiba aghalabu hupumzika. Kwa sababu hiyo teria hufaa pale panya wengi wanapofurumushwa kwa wakati mmoja, kama vile siku ya kupanga upya magunia.

Kumchagua

Jack Russell ana urefu wa sentimita 25 hadi 30 begani na uzito wa kilo 5 hadi 6. Ndugu yake, Parson Russell, ana miguu mirefu zaidi. Wapo pia Border, Cairn na Norfolk, ambao wana manyoya magumu yanayowafaa katika baridi ya Uyole, mahali palipo katika mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Yorkshire, ambaye siku hizi hubebwa kama pambo, ana mababu waliokamata panya katika viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Hata hivyo, kwa vizazi vingi amechaguliwa kwa urefu wa manyoya na udogo wa umbo, hivyo si wa kutegemewa kwa kazi.

Jambo hilo ndilo la kwanza kuzingatia. Usiulize jina la aina peke yake, uliza pia wazazi wamefanya kazi gani. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa na mama mwindaji ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mwindaji kuliko mwenye cheti kizuri ambaye wazazi wake hawajawahi kumwona panya.

Pili, tazama kifua. Wafugaji wa teria hupima kwa viganja viwili nyuma ya miguu ya mbele. Vidole vikikutana, mbwa huyo ataweza kupita mahali pembamba. Tatu, kwa kuwa mbwa weupe, Jack Russell akiwamo, wakati mwingine huzaliwa viziwi, piga makofi nyuma ya mtoto huyo bila yeye kukuona. Asipogeuka, jaribu tena kabla ya kutoa fedha.

Jack Russell hufugwa Kenya na Afrika Kusini, lakini gharama ya kumleta ni kubwa. Mwenye kipato cha kawaida asidharau mbwa wa kienyeji. Mbwa mdogo wa kienyeji, mchangamfu, asiyeogopa vishindo na aliyezaliwa na mama muuaji wa panya, huweza kuifanya kazi hiyo, naye tayari ameyazoea mazingira yetu.

Kumfunza

Mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na umri usiopungua majuma manane. Miezi ya kwanza ni ya kumzoesha watu, watoto, paka na kuku wa nyumbani, kwani teria asiyefunzwa hatofautishi panya na kifaranga. Afunzwe maneno mawili kabla ya mengine yote: "njoo" na "acha".

Mchezo wa kukimbiza kitambaa kilichofungwa kwenye kamba hutosha kuamsha hamu yake ya kuwinda. Asikutanishwe na panya mkubwa kabla ya meno ya utu uzima kukamilika, yaani katika umri wa miezi sita au saba. Mbwa aliyeumwa vibaya mara ya kwanza huweza kuogopa maisha yake yote. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa panya buku, ambaye hufikia uzito wa kilo moja na zaidi na ana meno ya kumjeruhi mbwa wa kilo tano.

Siku ya kazi, watu wawili wanatosha. Mmoja huziba matundu yote isipokuwa moja na kumweka mbwa hapo. Mwingine huondoa magunia, moja baada ya jingine, kutoka upande wa mbali. Kazi ifanyike mchana, mwanga ukiwa wa kutosha, na watoto wawe mbali. Panya waliouawa wasishikwe kwa mikono mitupu, bali wazikwe katika shimo refu. Mbwa asiachwe awale.

Sumu haichanganywi na mbwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Panya aliyekula sumu hudhoofika na kutembea ovyo mchana, hivyo huwa windo jepesi. Mbwa akimla, sumu huhamia kwake.

Sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadiolone, huua polepole. Mbwa huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya ufizi kupauka na damu kutoka puani au katika kinyesi. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, vitamini K1 huweza kumwokoa, nayo hutolewa kwa majuma kadhaa. Zinki fosfaidi ni kali zaidi. Ikifika tumboni hutoa gesi ya sumu, na haina dawa mahususi ya kuipinga.

Mwenye kutaka kutumia mbwa, basi, achague njia moja. Kama sumu ilikwisha kuwekwa, chambo chote kiondolewe, mizoga itafutwe na kuzikwa, na majirani waulizwe kama wao pia wametega. Panya haheshimu ua, naye aliyekula sumu kwa jirani huweza kuja kufia kwako.

Magonjwa

Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda. Julai 2022 ugonjwa huo ulilipuka katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, na watu watatu walipoteza maisha. Mbwa huweza kuupata kwa panya na kuusambaza kwa mkojo wake. Ipo chanjo yake kwa mbwa, na kwa mbwa wa panya ni ya lazima sawa na ile ya kichaa cha mbwa, ambayo huanza kutolewa akiwa na umri wa miezi mitatu.

Viroboto nao wasidharauliwe. Ndio wanaohamisha tauni kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu, ugonjwa uliowasumbua watu wa Lushoto, mkoani Tanga, kuanzia mwaka 1980. Mbwa apewe dawa ya viroboto na ya minyoo kwa ratiba ya daktari, na asilale chumba kimoja na watu.

Mipaka ya sheria

Teria ni mwindaji, na si kila windo ni halali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyamapori bila kibali. Kutoka Uyole si mbali kufika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, na msitu wa Mlima Rungwe, anakoishi kipunji, tumbili aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003, pamoja na minde, paa adimu wa milimani. Mbwa hasomi vibao vya mipaka. Kazi yake iishie ghalani, zizini na uani.

Si mbwa peke yake

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika kaya za vijijini nchini Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland. Walipima kiasi cha chakula ambacho panya waliacha bila kula kwa sababu ya hofu. Katika kaya zenye mbwa peke yake, au paka peke yake, hofu hiyo haikuonekana kuongezeka. Iliongezeka katika kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye kununua teria asimfukuze paka, bali awalee pamoja tangu wakiwa wadogo.

Na wote wawili hawatoshi ikiwa ghala lenyewe linawaalika panya. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili mbwa apite na mwenye nyumba aone. Ghala la nje liinuliwe kwa nguzo za kiasi cha mita moja, zikiwa zimevishwa bati lenye umbo la koni ambalo panya hawezi kulipanda. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu, lakini panya huitoboa. Kihenge cha bati humshinda. Majani na mabua yaliyorundikwa karibu na nyumba yaondolewe.

Mbwa huua panya aliyekwisha kuingia. Anayemzuia asiingie ni mwenye nyumba, kwa tope, saruji na kipande cha bati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ghala la mahindi ufa huo ni upana wa kidole gumba tu.