Ukalimani Wangu kwa Shangazi

Watu wa Dar es Salaam hutuita sisi sote wa Ruvuma "watu wa Songea", hata yule atokaye Namasakata, ambako kufika Songea kwenyewe ni safari ya kufungasha chakula. Mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa zimekatakata barabara, shangazi yangu alianza kuumwa, nami nikampeleka kwa daktari.

Daktari hakujua Kiyao, na Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha kuombea maji tu. Basi nikawa mkalimani. Ndugu msomaji, maradhi yake yalikuwa ya mahali ambapo kwetu huzungumzwa unyagoni, na mwanamume hayasikii, sembuse mtoto wa kaka yake. Shangazi aliinamisha uso, akaniambia maneno mawili matatu ya kuzunguka. Nilimwelewa. Lakini nilipomgeukia daktari nilisema, "Tumbo linamsumbua." Akaandikiwa panadoli.

Tuliporudi baada ya wiki kadhaa tulimkuta muuguzi mwanamke, Myao. Alinitoa nje, akakaa naye kitambo. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, imekwisha kusambaa. Muuguzi aliniambia dawa ya maumivu yale ipo, huitwa mofini, lakini iko Ocean Road. Kisha akampa panadoli nyingine, maana ndiyo aliyokuwa nayo.

Jina hilo la Ocean Road lilinikaa moyoni, na baadaye nikataka kujua historia yake. Wajerumani waliijenga mwishoni mwa karne ya 19, ukingoni mwa bahari, yenye baraza pana za kupokea upepo. Ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao mjini, iliyopewa jina la Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake. Waingereza walipoitwaa nchi hawakubadili mpango huo. Ocean Road ikaendelea kuwa hospitali ya Wazungu. Ulipokuja Uhuru mwaka 1961 ubaguzi huo ukakoma, na mwaka 1996 jengo lile likawa taasisi ya saratani ya taifa zima. Kwa miaka mingi mofini ya kunywa ilitoka hapo, nje yake ikipatikana katika hospitali chache tu.

Kwa hiyo mwaka ule shangazi alipougua, hakuna sheria iliyomzuia kuingia pale. Kilichomzuia ni mamia ya kilomita, nauli, na mpwa aliyeona haya.

Wenzetu Waganda walikuwa wamekwisha kuanza njia nyingine. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha huduma mjini Kampala ya kuwafuata wagonjwa majumbani, na mofini ya unga ikikorogwa kwa maji ikatiwa katika chupa. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Hilo ndilo hunichoma zaidi: muuguzi wetu alijua ugonjwa, alijua lugha, alijua dawa. Na wala si Tunduru peke yake. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1.

Shangazi alikufa mwezi wa nne tangu safari ya kwanza. Usiku wa mwisho majirani waliwahamisha watoto wao wakalale mbali, wasimsikie.

Miaka ilipita kabla sijafika Ocean Road, nikimsindikiza rafiki. Tuliketi barazani, upepo wa bahari ukivuma kama walivyotaka wajenzi wake. Kando yetu mama mmoja alikuwa ameshika chupa ya dawa, nikamwomba niione. Ilikuwa mofini. Ingeingia katika mfuko wa shati langu.